Je, huu wa ukutani ni mtoto wa ukoka?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nyumba yetu ya urithi iko Mji wa Kale, Mombasa. Nyuma kuna ua mdogo wenye kisima, na ukuta ulio pembeni ya kisima umeota kitu cha kijani, laini kama mahameli. Fundi anataka kukikwangua, apige dawa ya klorini, kisha plasta ya saruji. Mpwa wangu aliye chuo kikuu ameng'ang'ana tusikiguse, ati huenda ni kuvumwani adimu. Shemeji yangu anamcheka. Asema huo ni ukoka mchanga tu, ukiachwa utakuwa nyasi kama ule uliojaa uani. Naomba unilinganishie viwili hivi. Na hata kama kweli kuna kuvumwani adimu duniani, ina thamani gani na haishibishi hata mbuzi, ilhali ukoka umetulishia mbuzi miaka yote?" Bi Z., Mombasa.

Jibu: Marahaba, Bi Z. Nianze na shemeji, maana kosa lake halina aibu. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza walilifanya kila mwaka, tena vitabu viko mikononi. Huo wa ukutani si mtoto wa ukoka, na hautakuwa ukoka hata ukiachwa miaka mia. Nadhani lugha ndiyo iliyomtega. Nyasi ile twaiita ukoka, na utando wowote wa kijani unaoteleza juu ya jiwe au mdomoni mwa kisima twauita ukoga. Herufi moja tu. Tena ndani ya neno ukoga tumetia vitu chungu nzima: kuvu, mwani wa maji baridi, uchafu wa meno, na haya mahameli yako ambayo wenye kamusi huyaita kuvumwani. Jina la kuvumwani nalo lina walakini, kwa sababu mmea wenyewe si kuvu wala si mwani. Ndilo tulilo nalo, basi nitalitumia.

Mwite shemeji uani mfanye jaribio. Ng'oeni kipande cha ukoka. Mtaona shina limetambaa juu ya mchanga, lina vifundo, na kila kifundo kimeshusha mizizi yake chini na kupandisha majani yake juu. Kisha nendeni ukutani, mbandue kipande cha mahameli kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kitabanduka kama ukoko wa wali chini ya sufuria (ukoka, ukoga, ukoko: Kiswahili kinatufanyia kusudi), mgongoni kina vumbi la chokaa. Hamtaona mzizi hata mmoja. Vile vinywele vya rangi ya kahawia vilivyo chini yake ni vya kushikilia tu, kama miguu ya mkwezi kwenye mnazi. Havichimbi maji.

Hapo ndipo mimea hii miwili inapoachana, kwenye maji. Hayo mengine yote, ukubwa, uenezi, hata huo uadimu anaousema mpwa wako, yanatokana na hapo.

Ukoka ni mwenye nyumba aliyechimba kisima. Mizizi yake inaweza kwenda chini zaidi ya mita moja. Ndani ya shina mna mabomba ya kupandisha maji, majani yamepakwa nta yasivuje, na yana vitundu vidogo vinavyofunguliwa na kufungwa kwa hesabu. Juu ya hayo, ukoka una mtambo ambao mimea mingi haina. Mimea ya kawaida inaposhikwa na joto kali huanza kupoteza kabonidayoksaidi iliyokwisha kuikamata, sawa na mtu anayechota maji kwa kata iliyotoboka. Ukoka, kama mahindi, mtama na muwa, huikusanya kwanza hewa hiyo katika seli za nje, kisha huisukuma kwa wingi hadi seli za ndani ambako chakula hupikwa. Kwa hiyo hufungua vitundu vyake kidogo, hupoteza maji machache, na jua la saa saba mchana, linalotukimbiza sisi barazani, kwake ni neema. Ila mtambo huo una gharama yake, na bila jua la kutosha gharama hairudi. Tazama chini ya mwembe wowote mjini humu. Ukoka unafika ukingo wa kivuli, unakonda, unakata tamaa.

Kuvumwani haina kisima, haina bomba, haina mtungi. Jani lake kwa kawaida lina unene wa seli moja tu. Mvua ikinyesha hunywa kwa mwili mzima, mvua ikikatika hukauka mwili mzima. Lakini kukauka kwake si kufa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi, pamoja na mafundi, wanapokosea. Ukoka ukipoteza maji yake yote umekwisha. Kuvumwani nyingi zikipoteza maji husimamisha kazi: hufunga duka, hukunja majani, husubiri. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mahameli yako pengine hugeuka hudhurungi, yakasagika ukiyagusa, nawe ukadhani yameungua. Siku kama hiyo chota kata moja ya maji uyamwagie, kisha uvute kiti. Si ajabu ukaona majani yakifunguka mbele ya macho yako, na kwa spishi zilizozoea ukame, kazi ya kupika chakula huanza tena ndani ya dakika chache. Mimi nilionyeshwa jambo hili nikiwa kijana, nami nikamwambia mwalimu wangu kuwa amebadilisha kipande nilipogeuka. Alinifanya nirudie mwenyewe mara tatu.

Uvumilivu huo una ushahidi uliopita kiasi. Katika kisiwa cha Signy, huko Antaktika, watafiti walichimba tabaka za kuvumwani zilizoganda kwenye barafu, wakaziweka penye joto na mwanga, zikachipua. Walipotoa taarifa yao mwaka 2014, sehemu iliyochipua ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,500. Ukoka wako, pamoja na ukorofi wake wote, hauwezi hata nusu ya nusu ya hilo.

Kwenye kuzaana pia maji yanawatenganisha. Ukoka hutoa maua, ingawa wengi hawayatambui kuwa maua: vile vijiti vinavyochanua kama vidole vya mkono juu ya shina moja. Hata jina lake la kitaalamu, Cynodon dactylon, limetaja kidole. Upepo wa kusi au wa kaskazi huichukua chavua, na hakuna haja ya tone la maji. Wala hauhitaji sana mbegu, kwa kuwa shina linalotambaa juu na shina lingine linalopita chini ya ardhi vinatosha kuuteka uwanja. Ndiyo sababu anayelima ukoka kwa jembe anaupanda. Kila kipande chenye kifundo kilichobaki mchangani ni ukoka mpya. Wataalamu wa magugu walipoyapanga kwa ubaya mwaka 1977, dunia nzima, ukoka ulishika nafasi ya pili. Ya kwanza ilichukuliwa na ndago. Ndago si nyasi hasa (papasa shina lake, lina pembe tatu), lakini kama unayo uani, na sioni ni kwa nini usiwe nayo, basi unafuga mshindi wa kwanza na wa pili katika ua mmoja.

Kuvumwani haina ua, haina chavua, haina mbegu. Ina chembe za kiume zenye mikia miwili, nazo lazima ziogelee kuifikia yai. Ziogelee wapi? Katika utando wa maji wa mvua au umande uliolala juu ya majani. Sentimita moja kwao ni kama kivuko cha Likoni bila feri. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba wadudu wadogo mno wanaotembea juu ya zulia hilo husaidia kuzivusha. Yai likisharutubishwa, mtoto hahami. Huota juu ya kichwa cha mama yake, kijiti chembamba chenye kikasha kileleni, akilelewa hapo hadi kikasha kikomae na kumwaga spora, chembe zake za uzazi, kama vumbi. Ukiangalia ukuta wako baada ya masika, Juni au Julai hivi, kwa lenzi au kwa kamera ya simu, huenda ukaviona vikasha hivyo. Mwambie mpwa wako avitafute, maana bila kikasha ni vigumu sana kuitaja kuvumwani kwa jina lake.

Nina mfano wa ugumu huo, na mfano wenyewe utatufikisha kwenye uadimu. Katika milima ya Himalaya, na sehemu chache nyingine za baridi kaskazini mwa dunia, kuna mmea uitwao Takakia. Ulipewa jina mwaka 1958, ukawekwa kwenye jamaa nyingine ya mimea midogo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameona vikasha vyake. Ikapita miaka 35. Mwaka 1993 vikatangazwa vikasha vilivyopatikana katika visiwa vya Aleutian, Alaska, na ndipo ikajulikana kuwa ni kuvumwani. Jamaa hiyo nzima ina spishi mbili tu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kuwa ukoo wake una miaka kama milioni 390. Yaani ulikuwepo kabla milima ya Himalaya haijainuka. Milima ilipopanda, nayo ikapanda pamoja nayo, hadi huko juu ya mita 4,000 ambako theluji huifunika miezi minane kwa mwaka, na miezi iliyobaki mionzi mikali ya jua huipiga. Nyasi, kwa kulinganisha, ni wageni wa juzi. Katika kinyesi cha dinosaria kilichogeuka jiwe huko India kumekutwa alama za nyasi za kama miaka milioni 66 iliyopita, na hizo ni miongoni mwa nyasi za kale zaidi tunazozijua.

Takakia imeshinda kila kitu isipokuwa kasi. Watafiti wa uchunguzi huo wa 2023 walipoipima Tibet mwaka baada ya mwaka, waliona eneo lililofunikwa nayo likipungua kwa kama asilimia 1.6 kila mwaka, huku joto likipanda na barafu ikirudi nyuma. Ukoka huo huo joto likipanda hufurahi.

Mfano wa pili ni mdogo zaidi. Huko Derbyshire, Uingereza, kuna kuvumwani iitwayo Thamnobryum angustifolium, inayoota kwenye mwamba wa chokaa uliolowa maji ya kijito. Ni mahali pamoja tu, na kuvumwani yote inayojulikana ya spishi hiyo duniani ingeenea katika sebule yako, nafasi ya kuweka makochi ikabaki. Kijito kikikauka msimu mmoja mbaya, au mtu akamwaga sumu juu yake, habari imekwisha. Hapo ndipo neno adimu lina maana yake kamili.

Lakini usichukue kutoka hapo kwamba kila kuvumwani ni adimu na kila nyasi ni ya kutupa. Spishi za nyasi zinazojulikana ni kama 12,000, na za kuvumwani nazo ni kama 12,000, na katika kila upande wamo wa kila namna. Ipo kuvumwani iitwayo Bryum argenteum, yenye rangi ya fedha kidogo, inayoota kwenye nyufa za lami na saruji katika mabara yote hadi Antaktika. Hiyo ni ukoka wa kuvumwani. Imejifunza kuishi na watu, ikafuata watu. Adimu huwa ile inayotaka mambo manne kwa pamoja, jiwe la aina fulani, maji ya namna fulani, kivuli, na utulivu wa miaka mingi, kisha dunia ikawa na mahali padogo tu penye yote manne.

Sasa ukuta wako. Mji wa Kale umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama Fort Jesus yenyewe iliyoanzwa mwaka 1593, na matumbawe ni chokaa tupu. Kuvumwani zinazopenda chokaa na kivuli huziona kuta hizo kama nyumbani kwao. Mojawapo ya zile zinazoenea sana kwenye kuta zenye unyevu katika nchi za joto ni Hyophila involuta, ambayo majani yake hujikunja ndani inapokauka. Siwezi kuitaja yako kutokana na maelezo ya barua, ila ningeombwa kuweka dau, ningeweka kwenye jamaa hiyo ya wakaa-ukutani wa kawaida na si kwenye hazina iliyofichwa. Mpwa wako asivunjike moyo. Kuvumwani za miji ya pwani yetu zimechunguzwa na watu wachache mno, kwa hiyo bahasha moja iliyochukuliwa vizuri ina kazi hata kama spishi ni ya kawaida.

Kuhusu fundi, nitasema waziwazi: mzuie, na si kwa ajili ya kuvumwani. Mahameli yale hayakuleta unyevu, yameufuata. Ukiyakwangua, unyevu umebaki palepale, na ukifunika ukuta wa matumbawe kwa plasta ya saruji umeufungia unyevu ndani. Ukuta wa chokaa hupumua. Saruji haiupi nafasi, basi maji na chumvi hutafuta njia ya kutokea, plasta inavimba, inabanduka, na jiwe linaondoka nayo. Nimekaa katika nyumba iliyofanyiwa hivyo, na kila masika tulikuwa tukifagia ukuta sakafuni. Mtafute fundi anayejua chokaa, na kabla yake tafuta maji yanatoka wapi: mfereji wa dari, tangi linalovuja, au tabia ya watu wa nyumbani kumwaga ndoo pembeni ya kisima. Mmea wa kuuogopa ukutani ni mtini-mwitu unaopandwa na ndege. Huo ung'oe ukiwa na majani mawili, kwa sababu una mizizi ya kweli na utaupasua ukuta. Ukoka nao ukiingia kwenye ufa, utoe. Kuvumwani ina vinywele tu. Ikikukera pale unapokanyaga, kwa kuwa inateleza na wazee hupita hapo, isugue kwa brashi na maji. Klorini ya nini karibu na kisima mnachochota?

Umeuliza thamani, na ulivyouliza nimekuelewa: mbuzi ndiye kipimo. Kwa kipimo hicho ukoka umeshinda wala sibishani. Chipukizi lake huanzia chini, karibu na ardhi, kwa hiyo mbuzi akila ncha hajagusa kiwanda. Wasemao wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi hawakuwa na ukoka akilini, kwani huo fahali wakiondoka hunyanyuka siku ya tatu. Unashika mchanga usichukuliwe na mvua, unavumilia chumvi ya bahari, vijana wanauchezea mpira, na majirani zetu Wahindu humtolea Ganesha vichipukizi vyake. Wao huuita durva.

Ila kuna kipimo kingine, nacho kinapita katika bomba lako siku linapokumbuka kutoa maji. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Maji ya Mzima nayo asili yake ni vilima vya Chyulu: mvua na ukungu wa huko juu hupenya kwenye mawe ya volkano yenye vitundu na kusafiri chini kwa chini hadi yanapochomoza chemchemini. Kileleni mwa Chyulu kuna misitu ya ukungu, miti imevikwa kuvumwani shina na matawi. Ukungu ukipita hunaswa na majani hayo yenye unene wa seli moja, ukajikusanya kuwa matone, ukadondoka polepole ardhini badala ya kupita na upepo. Pale kutokuwa na mzizi wala nta, kule kunywa kwa mwili mzima tulikokuona kuwa umaskini, ndiko kunakofanya kazi. Ukoka hauwezi kufanya hivyo. Nta yake humwaga maji, na kivulini mwa msitu ule usingeota.

Mpwa wako akitaka jina la hiyo ya kisimani, afanye hivi. Abandue kipande kama sarafu ya shilingi ishirini, chenye vikasha ikiwezekana, aache kilichobaki ukutani. Asikitie kwenye mfuko wa plastiki, kitaoza. Akikunje ndani ya bahasha ya karatasi na kukianika kivulini, bila kukikandamiza chini ya vitabu kama tunavyofanya kwa maua. Juu ya bahasha aandike tarehe, mtaa, kimo cha ukuta kutoka chini, jiwe la namna gani, na kama jua linafika. Kisha aipeleke au aitume kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Aandike kwa penseli, kwa sababu atakayeifungua bahasha hiyo jambo la kwanza atakalofanya ni kudondoshea maji, na wino utatawanyika.